Nguzo za basalti za Turkana: shajara ya kupima mawe bila kuyachonga

Lengo la mradi ni kupata utaratibu wa kulinganisha nguzo za mawe za kale zinazozunguka Ziwa Turkana na miamba zilikong'olewa, bila kubandua hata chembe kwenye nguzo zenyewe. Maeneo yanayojulikana zaidi ni Lothagam Kaskazini na Kalokol upande wa magharibi wa ziwa, na Jarigole upande wa mashariki. Lothagam Kaskazini ndiko kulikoelezwa kwa kina zaidi: jukwaa la mawe lenye kipenyo cha meta 30 hivi, kazi ya wafugaji wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, ambamo wamezikwa watu wanaokadiriwa kufika 580 au zaidi. Ripoti iliyochapishwa 2018 ilisema baadhi ya nguzo za hapo zililetwa kutoka umbali unaofikia kilomita moja.

Hii ni awamu ya karakana. Hakuna nguzo iliyoguswa, kwa hiyo msomaji asitafute hapa matokeo ya nguzo. Kilichomo ni namna vifaa vilivyofanya kazi kwenye basalti (mwamba mweusi wa lava) ya machimbo, pale vilipodanganya, na gharama. Anayetaka kunakili kazi hii na hana muda asome kwanza ya tarehe 29 Machi, maana ndiyo iliyobadilisha mpango wote.

20 Januari 2025: Vibali na mawe ya mazoezi

Vibali vitangulie vifaa. Nguzo zinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006, na utafiti unataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na makubaliano na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mashine ya XRF ya mkononi, inayosoma elementi za jiwe kutoka juu ya uso, hutoa eksirei, hivyo iko chini ya mamlaka ya nyuklia: KNRA kwa Kenya, TAEC kwa Tanzania. Kukodi hakukuondolei wajibu huo. Muulize mwenye mashine leseni yake inaruhusu itumike wapi, na nani mwenye mafunzo ya kuishika.

Mawe ya mazoezi yametoka kwenye machimbo matatu ya kokoto, tukayapa alama A, B na C. A ni basalti laini, nyeusi, isiyo na matundu. B ina fuwele nyeupe za plagioklezi (madini ya kawaida ya basalti), nyingine zinafika sentimita moja. C ina matundu yaliyojazwa madini meupe ya chokaa. Yalichaguliwa kwa usumbufu wake: basalti A peke yake ingefanya kila kitu kionekane rahisi. Kila chimbo lilitoa mabonge matano, kuanzia chini ya ukuta wa mwamba hadi juu, kwa sababu mkondo mmoja wa lava haupoi sawasawa. Tumbo lake hupoa polepole na kukuza fuwele. Migongo yake hubaki na matundu.

Lebo zilisumbua kuliko ilivyotarajiwa. Wino wa kalamu ya kudumu ulifutika ndani ya magunia mawe yaliposuguana. Dawa ni kupaka wino mweupe wa kufutia makosa, kuandika juu yake, kisha kufunika kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Ila tahadhari: weupe wa wino huo ni dioksidi ya titaniamu. Ukiupaka kwenye uso utakaopimwa, XRF itakuonyesha titaniamu ambayo lava haijawahi kuwa nayo. Lebo ziwe upande mmoja tu, ule utakaokatwa na kutupwa.

Gharama: mawe bure, usafiri na magunia Sh 6,500.

15 Februari: Slaidi za mwamba

Slaidi ni jiwe lililosagwa hadi unene wa mikromita 30, mwanga ukapita, madini yakatambulika chini ya hadubini ya polaraizi. Mwanajiolojia H. H. Thomas alitumia hadubini hivyohivyo mwaka 1923 kuonyesha kuwa mawe ya buluu ya Stonehenge, duara la mawe ya kale Uingereza, yalitoka vilima vya Preseli, Wales. Kwa nguzo njia hii haifai, maana inakula jiwe. Inafaa kwa mwamba wa chanzo na, ikiruhusiwa, kwa vipande vilivyokwisha kuchimbwa.

Hatua za kawaida: kata kibao cha mm 20 kwa 40, unene mm 10, kwa mashine ya fundi wa vigae yenye diski ya almasi na maji. Sawazisha uso mmoja kwenye kioo kinene kwa unga wa silikoni kabidi namba 220, kisha 400, kisha 600. Osha, kausha, bandika kwenye slaidi ya kioo kwa gundi ya epoksi ya chupa mbili. Ikishika, kata kibao kibaki chini ya milimita moja, endelea kusaga.

Sasa yaliyoharibika. Slaidi za kwanza zote zilikuwa na viputo chini ya jiwe, na kila kiputo kiligeuka tundu mara jiwe lilipokonda. Sababu zilikuwa mbili: jiwe halikuwa limekauka ndani, na epoksi ilichanganywa kwa kupigwapigwa. Ilisaidia kuacha kibao usiku mzima kwenye oveni ya nyuzi 60, kukibandika kingali na uvuguvugu, na kuchanganya gundi taratibu kwa kijiti bapa. Gundi iwekwe katikati, jiwe lishuke kwa ukingo mmoja kwanza ili hewa ipate pa kutokea.

Basalti C ilikataa hata hivyo. Madini ya ndani ya matundu yalichomoka wakati wa kusaga, na chembe zake zikachora mistari jiwe zima. Hapa jiwe hulishwa epoksi kabla ya kusagwa uso wa kwanza: ipake ikiwa nyepesi juu ya jiwe lenye moto, iache ishuke matunduni, igande, ndipo usage. Inaongeza siku nzima. Anayejaribu kuikwepa siku hiyo atairudia slaidi yote.

Kusaga upande mmoja zaidi ya mwingine ndilo kosa lililoendelea muda mrefu. Slaidi hutoka kama kabari: ukingo mmoja umekwisha, mwingine bado mnene. Vidole husukuma zaidi upande wa mbele wa mkono. Geuza slaidi robo duara kila baada ya miduara kumi, na pima pembe nne kwa maikromita kila unapobadilisha unga. Ukifika mikromita 100 ingia unga namba 600. Ukifika 50 ingia 1000 na uache haraka yako nje.

Unene wa mwisho hausomwi kwa maikromita, husomwa kwa rangi. Kwenye mchanga-mwamba kwatzi ndiyo kipimo: kwa mikromita 30 inakuwa kijivu hadi nyeupe kati ya polaraizi mbili, ikiwa na umanjano bado ni nene. Basalti haina kwatzi ya kutegemea, kwa hiyo tazama plagioklezi, ambayo rangi zake zinakaribia zile za kwatzi. Na kila namba ya unga iwe na kioo chake na ndoo yake. Chembe moja ya 220 ikiingia kwenye kioo cha 1000 inachana slaidi ambayo imebakiza dakika tano.

Gharama: kioo, unga wa namba nne, epoksi na slaidi, Sh 9,800. Kukata kwa fundi Sh 200 kwa kibao. Hadubini iliazimwa.

10 Machi: Mashine ya XRF ya mkononi

Mashine hupiga jiwe kwa eksirei, kila elementi inajibu kwa mstari wa nishati yake, na programu inageuza ukali wa mstari kuwa kiasi. Inatoa namba ndani ya dakika moja hata pale ambapo haikupaswa kutoa namba yoyote.

Jiwe la kukagulia ni BHVO-2, unga wa basalti ya Hawaii unaotolewa na idara ya jiolojia ya Marekani, ambao kila elementi yake inajulikana. Titaniamu yake ni kama ppm 16,300 (sehemu kwa milioni), strontiamu 389, zirkoniamu 172, bariamu 130, itriamu 26, niobiamu 18. Mashine inapaswa kurudisha namba hizi, au walau kukosea kwa kiasi kilekile kila siku.

Kikombe cha kwanza kilirudisha zirkoniamu pungufu. Unga ni ghali, ukawa umejazwa kina cha milimita mbili tu. Eksirei za zirkoniamu hupenya zaidi ya hapo kwenye unga usioshindiliwa, kwa hiyo sehemu ya mnururisho ilikuwa inapima meza. Sasa kikombe hujazwa milimita 10 na kushindiliwa kwa kifuniko. Elementi nyepesi hazikuathirika kabisa, na hiyo ndiyo dalili ya kutafuta: zito likipungua na jepesi likabaki palepale, unga ni mchache.

Tatizo la pili ni mistari inayolaliana. Bariamu ina mstari wa 4.47 keV (keV ni kipimo cha nishati), titaniamu ina wa 4.51. Kwenye basalti yenye titaniamu mara mia ya bariamu, mashine haioni bariamu hapo, inaona mkia wa titaniamu na kuuita bariamu. Njia ni kutumia mstari mwingine wa bariamu, wa 32 keV, ambao unataka bomba la kilovolti 50. Lile la 40 linaligusa kwa shida. Kabla ya kukodi, uliza volti. Mashine ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya 40 na ilirudishwa, nauli ikapotea.

Strontiamu na zirkoniamu nazo zinagombana: mstari wa pili wa strontiamu uko 15.83 keV, wa kwanza wa zirkoniamu 15.77. Programu isiporekebisha, basalti yenye strontiamu mara mbili ya zirkoniamu itaongezewa zirkoniamu ya uongo kwa theluthi moja au zaidi. Vivyo hivyo rubidiamu huingia kwenye itriamu, na titaniamu kwenye vanadiamu. Programu za kiwandani hurekebisha, ila kwa mpangilio waliouchagua wao. Mpangilio wa udongo na mpangilio wa madini ulitoa zirkoniamu tofauti kwa kikombe kilekile. Chagua mmoja, andika jina lake kwenye kila faili, usiuguse tena.

Muda wa kipimo: sekunde 120 kwa elementi nzito. Ukitaka kupunguza kosa la kuhesabu kwa nusu, muda unazidishwa mara nne, kwa hiyo kupita dakika mbili kunachosha betri bila faida kubwa. Jiwe lisishikwe mkononi wakati wa kupima, hata kama ni dogo na linayumba. Liwekee mfuko wa mchanga.

Gharama: kukodi siku nne pamoja na mtaalamu mwenye leseni, Sh 72,000. Huu ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Kununua ni makumi ya maelfu ya dola.

29 Machi: Ganda la jiwe

Mpango wa awali ulikuwa wa kawaida: pima nguzo, pima chanzo, linganisha kwa elementi zisizohamahama wakati jiwe linachakaa, yaani titaniamu, zirkoniamu, niobiamu na itriamu. Kwa jiwe lililoyeyushwa maabara mpango huo ni sahihi. Kwa uso wa jiwe lililokaa juani miaka elfu kadhaa haujakamilika.

Jiwe la nyanda kavu za Turkana hubeba mengi juu yake: ngozi nyeusi ya manganizi na chuma, utando wa chokaa uliopanda kutoka ardhini, vumbi, laikeni, vinyesi vya ndege vyenye fosforasi. Kwa mazoezi, bonge moja la A lilipimwa uso wa nje na uso mpya uliokatwa, kisha uso mpya ukapakwa uji wa chokaa na vumbi kwa unene wa mm 0.1, 0.3 na 0.5, ukipimwa kila mara baada ya kukauka.

Silika na potasiamu hazikufaa kitu kuanzia mm 0.1. Ishara ya silikoni hutoka kwenye makumi ya mikromita ya juu tu, kwa hiyo mashine ilikuwa inasoma rangi tuliyopaka. Chuma kilishuka wazi kwenye mm 0.3. Zirkoniamu ilishuka pia, kidogo. Hayo yalitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni titaniamu kwa zirkoniamu. Elementi zote mbili hazihami, uwiano wao unasifiwa vitabuni, na bado ulianguka kadiri ganda lilivyonenepa. Niobiamu kwa zirkoniamu, na itriamu kwa zirkoniamu, zilibaki karibu palepale.

Ukitazama nishati, jibu liko wazi. Mstari wa titaniamu wa 4.51 keV unamezwa na ganda jembamba. Mistari ya itriamu, zirkoniamu na niobiamu iko 15 hadi 16.6 keV, imepangana, hivyo ganda linaipunguza yote kwa kiwango kinachokaribiana na uwiano unasalimika. Kwa kipimo cha juu ya uso, basi, elementi lazima ipite mitihani miwili: isihame kikemia, na mstari wake uwe jirani wa mstari inaolinganishwa nao. Titaniamu inapita wa kwanza na kufeli wa pili. Strontiamu inapita wa pili na kufeli wa kwanza, kwa kuwa chokaa huja na strontiamu yake. Zilizobaki ni chache mno, na ni afadhali kujua hivyo sasa kuliko baada ya kuchora michoro ishirini ya titaniamu.

Kusafisha uso hakuruhusiwi kwenye nguzo, si kwa brashi ya waya wala kwa asidi. Kinachoruhusiwa ni kuchagua pa kupima: mahali palipovunjika zamani na kubaki na ganda jembamba, mbali na futi moja ya chini iliyoguswa na udongo, na mbali na kichwa cha nguzo wanapotua ndege. Manganizi ndiyo kipelelezi. Popote inapopanda ghafla kuliko vipimo jirani, pana ngozi nyeusi hata kama jicho halijaiona. Kipimo hicho kiwekwe kando.

Kisha tofauti ndani ya jiwe lenyewe. Duara la mashine ni mm 8. Kwenye A vipimo vitano viliridhisha: wastani ulitulia, cha sita hakikuongeza kitu. Kwenye B, duara likiangukia fuwele kubwa ya plagioklezi, strontiamu hupanda na zirkoniamu hushuka, na vipimo viwili vya jiwe hilohilo vilitofautiana kuliko A inavyotofautiana na C. Ilibidi kuendelea hadi kumi na mbili ndipo wastani utulie. Duara la mm 3, ambalo mashine nyingi hulitoa kama sifa, liliongeza vurugu. Kanuni tuliyoishika: idadi ya vipimo haipangwi mezani. Chora wastani unaoendelea kwa kila jiwe na usimame pale mstari unapolala. Bila kujua jiwe moja linatofautiana na nafsi yake kwa kiasi gani, huna haki ya kusema mawe mawili yanatofautiana.

18 Aprili: Data za Stonehenge kama mtihani wa programu

Kabla ya kuamini hesabu zetu, programu ililishwa data zilizochapishwa wazi. Mwaka 2020 David Nash wa Chuo Kikuu cha Brighton na wenzake walipima kwa XRF ya mkononi mawe yote 52 ya sarseni (mawe makubwa ya mchanga mgumu) yaliyosalia Stonehenge, vipimo vitano kwa kila moja. Hamsini yalikusanyika pamoja. Jiwe namba 26 na namba 160 yalijitenga. Programu iliyoandikwa vizuri lazima irudishe picha hiyo.

Yetu haikuirudisha mara ya kwanza. Kwenye jedwali lililounganishwa, safu nyingine zilikuwa asilimia za oksidi na nyingine ppm, kwa hiyo silika ilimeza kila kitu. Thamani zilizo chini ya uwezo wa mashine, zilizoandikwa kwa alama ya <, zilisomwa kama maneno na kugeuzwa sifuri. Sifuri haina logarithimu, programu ikafuta mawe mazima bila kusema. Marekebisho: kila kitu kwenye ppm, elementi yenye thamani nyingi za < iondolewe kabisa, zilizobaki zichukuliwe nusu ya kikomo, logarithimu ya uwiano kwanza, uchambuzi wa vijenzi vikuu baadaye. Na programu ichapishe mwishoni idadi ya mawe yaliyoingia na yaliyotoka. Baada ya hapo 26 na 160 yalijitenga kama yalivyopaswa.

Inafaa kuangalia XRF ilikomea wapi katika kazi ile. Ilionyesha kuwa mawe hamsini ni ndugu. Haikusema wametoka wapi. Hilo lilitokana na mhimili wa jiwe uliotobolewa kwenye jiwe namba 58 wakati wa ukarabati wa 1958, ukakaa na mfanyakazi wa kampuni ya kutoboa, ukavuka naye hadi Marekani, na kurudishwa Uingereza 2018. Sampuli za mhimili huo ziliyeyushwa na kupimwa kwa ICP-MS, mashine ya maabara inayopima elementi zilizo chache sana, uwiano wa elementi zisizohama kwa zirkoniamu ukalinganishwa na maeneo 20 ya sarseni, na West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini, ndipo palipofanana. Sarseni hiyo ni silika zaidi ya asilimia 99, kwa hiyo ushahidi wote uko kwenye ile asilimia moja. Baadaye kundi jingine lilizichambua data hizohizo kwa njia yake na kuipinga West Woods. Kwa Turkana maana yake ni kwamba bila kipande cha ndani, hata kimoja, cha kuunganisha uso na kiini, XRF itaishia kwenye udugu. Ombi la vipande vilivyokwisha kuchimbwa limeongezwa kwenye mpango.

Anayefuata njia hiyo ya kuyeyusha azingatie: zirkoni, madini yanayobeba zirkoniamu, hukataa asidi. Kwa mchanga-mwamba tumia myeyusho wa borati ya lithiamu, la sivyo zirkoniamu itabaki chini ya kikombe na uwiano wote utapinda.

Jiwe la Madhabahu la Stonehenge, lile la mchanga lenye tani 6, limetoa somo la kuondoa kabla ya kuchagua. Bariamu yake nyingi ilisaidia kuitoa Wales kwenye orodha, na mwaka 2024 umri wa chembe zake za zirkoni, apatiti na rutili ulielekeza bonde la Orcadian, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, kilomita 750 angalau. Njia hiyo ya chembe haitusaidii kwa nguzo za basalti, kwani basalti karibu haina zirkoni. Kinachoweza kutenganisha mikondo ya lava ni umri unaopimwa kwa gesi ya argoni, na huo unahitaji kipande.

Gharama: intaneti tu. Programu ya R ni bure.

9 Mei: Sumaku

Kipimo cha usumaku wa jiwe ni cha bei nafuu, hakitoi mionzi, na kinapenya sentimita kadhaa, kwa hiyo ganda halikisumbui kama linavyosumbua XRF. A na B zilisoma juu. C, ambayo imeoza ndani, ilisoma chini kabisa. Kosa lake ni umbo. Kichwa cha kifaa kinataka uso bapa unaokizidi upana. Kwenye ukingo wa nguzo ya pembe tano au sita kinasoma hewa pia, na namba inashuka. Pima katikati ya ubapa, wala usilinganishe ubapa na mviringo.

Usumaku huohuo una historia Kalokol. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walichapisha kuwa nguzo 19 za hapo zimeelekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana. Mwanaakiolojia Robert Soper alipopima upya akaonyesha, mwaka 1982, kuwa nguzo zenyewe ni za sumaku na zilivuta dira. Jaribio la karakana linathibitisha ubaya wake: dira iliyopitishwa kando ya bonge la A iliyumba kulia na kushoto ndani ya sentimita chache, na haikuyumba upande mmoja, hivyo hakuna namba moja ya kusahihisha. Karibu na basalti elekezo lichukuliwe kwa jua na saa sahihi, au kwa GPS ya usahihi mkubwa. Dira ibaki mfukoni, pamoja na simu zenye dira ndani.

Gharama: kukodi siku mbili, Sh 5,000.

30 Mei: Jaribio la kuficha alama

Vipande kutoka A, B na C vilipakwa ganda la mm 0.3, vikapewa namba mpya na mtu asiyehusika na upimaji, vikachanganywa. Mpimaji alipewa XRF, kipimo cha sumaku na jicho, hakupewa slaidi.

C ilitambulika yote, kwa sumaku na kwa niobiamu kwa zirkoniamu. A na B zililaliana. Kwa titaniamu zingeachana kwa raha, kama uso ungekuwa safi, lakini ganda lilikwisha kuiondoa titaniamu mchezoni. Pale ambapo fuwele nyeupe ilionekana, jicho lilitenganisha B papo hapo. Pale ganda lilipoifunika, hakuna kifaa kilichotosha. Slaidi zilipofunguliwa baadaye zilimaliza ubishi kwa mtazamo mmoja.

Kwa hiyo fomu ya uwanjani imebadilishwa. Safu ya "chanzo" imeondolewa. Badala yake kuna safu mbili: vyanzo vilivyoondolewa, na vyanzo ambavyo jiwe halitofautiani navyo. Kila nguzo itakuwa na picha ya karibu yenye kipimio cha milimita kwa kila kituo cha XRF, ili ukubwa wa fuwele uhesabiwe baadaye kwenye kompyuta. BHVO-2 hupimwa mwanzo, kila baada ya mawe matano, na mwisho wa siku. Zirkoniamu ikitoka nje ya asilimia 5 ya ile ya asubuhi, vipimo vya tangu ukaguzi uliopita vinarudiwa.

Jumla ya awamu hii, ukiondoa vibali na unga wa BHVO-2: Sh 93,300 na ada ya kukata. Makadirio ya siku kumi za kukodi XRF kwa kazi ya Turkana, kwa bei ileile, ni Sh 180,000 kabla ya usafiri na betri za ziada. Joto la mchana huzima mashine, kwa hiyo ratiba imepangwa kupima kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, na jioni baada ya saa kumi.